Kimya cha Ubeti wa Tatu

Machi 4

Mke wangu amenipa daftari hili leo. "Andika humo yale unayotusimulia mezani," amesema, "ili na sisi tule chakula kikiwa cha moto." Basi ninaandika.

Mvua zimeanza. Karakana yangu imevuja palepale ilipovuja mwaka jana, kumaanisha paa langu lina kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Nimesogeza kochi la mteja, nimeweka ndoo, nimerudi kazini. Mimi ni fundi makochi: mbao, sponji, kitambaa, gundi, na mgongo unaouma.

Machi 7

Alhamisi, siku ya mazoezi. Kwaya yetu ya mtaa huimbia karakanani kwangu, si kwa sababu nina sauti, bali kwa sababu nina viti. Watu huketi kwenye makochi ya wateja ambayo hayajaisha, na mimi huwaomba wasiegemee upande wenye gundi. Kila wiki kuna mmoja anayeondoka na gundi yangu suruali nzima.

Tangu Januari tunaimba bila Mwalimu. Huyu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na nyimbo zetu zote ni zake. Kwetu hakuna anayesoma nota. Kwa hiyo kila alipotunga wimbo, alisimama jikoni kwake na simu, akarekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, zote akiimba mwenyewe. Sauti ya wanawake aliiimba kwa koo jembamba, kama kuku aliyeona nyoka. Akaziweka kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni. Sisi tunasikiliza, tunaiga, basi.

Januari madaktari walimtoa uvimbe kooni, na kisanduku cha sauti kikaondoka nao. Amepona. Anakula, anatembea, anacheka kwa mabega. Ila sauti haipo, na hairudi. Akitaka kusema anaandika kwa chaki kwenye kibao kidogo, au anagonga meza: mara mbili ni ndiyo, mara moja ni hapana. Kabla ya kulazwa aliifungua programu ya wingu kwenye simu yangu kwa akaunti yake, mazoezi yasilale.

Leo tumeimba "Asubuhi Haina Haraka". Huo ndio wimbo wetu wa kujivunia, kwa ajili ya ubeti wa tatu. Tukifika pale penye "nami nikasimama", kwaya nzima inanyamaza. Kimya kinakaa, kinakaa, hadi msikilizaji anadhani tumesahau, halafu tunaingia tena wote kwa pamoja. Watu husisimka. Mwaka juzi kwaya moja ya wageni ilituuliza tumejifunzia wapi mbinu ile.

"Kile kimya," husema muuza nyama wetu, anayeimba sauti ya nne na tunayemwita Ngurumo, "ndicho kinachotutenganisha na watoto wadogo."

Machi 9

Nimekwenda kwa dada. Mwalimu alinionyesha ujumbe kutoka chuo alichokuwa akifundisha. Akaunti ile ya wingu ni ya chuo, na kwa kuwa amestaafu, itafungwa tarehe thelathini Aprili pamoja na vyote vilivyomo.

"Sasa?" nikamuuliza.

Akaandika: *Wewe ndiye mwenye simu nzuri.*

Simu yenyewe ni nzuri kwa sababu binti yangu aliichoka. Lakini nimekubali. Dada alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Yeye na nyimbo ni mbalimbali tangu zamani. Mumewe akianza kuimba, yeye hufunga mlango wa jikoni. Na kama yuko humohumo jikoni, hugongesha masufuria. Nilimwangalia mgongo nikafikiri, huyu mwanamke ana moyo wa zege.

Machi 10

Jumapili. Nimeketi na simu kama mtu anayetoa mwiba. Ukigusa zile nukta tatu kando ya faili, orodha inafunguka. Nikaona "Pakua". Nikabonyeza. Mshale ukashuka, ukapotea, na faili likabaki palepale kwenye programu kama vile sikufanya kitu. Nikabonyeza tena. Mshale ukashuka tena. Nikajiuliza linashukia wapi.

Halafu nikaona pengine: "Weka bila mtandao". Hapo likatokea duara, likajaa taratibu, likawa alama ya vema ya kijani. Hiyo ndiyo kazi ninayoielewa mimi, unayomaliza ukaona kwamba imekwisha.

Nimefanya nyimbo sita. Mke wangu amesema nimekuwa mnyenyekevu wa ghafla, maana sijaongea tangu saa za chai.

Machi 12

Mvua.

Machi 14

Leo nimewaonyesha. Nilizima data mbele ya kwaya nzima, nikainua simu juu, nikabonyeza, na Mwalimu akaimba. Wakapiga makofi kana kwamba nimeimba mimi.

"Umehakikisha zimo ndani ya simu?" aliuliza muuza dawa, anayeongoza sauti ya pili. Mgongoni kwake tunamwita Dozi, kwa kuwa kila analosema linatoka kama maelekezo ya chupa: hiki kabla ya kula, kile baada ya kula.

"Mama, data nimezima. Zingekuwa wapi kama hazimo?"

"Nimeuliza tu, fundi."

Hakuuliza tu. Kuna watu hawapendi kumwona mwenzao akipigiwa makofi.

Machi 17

Dada amekuja karakanani. Si kawaida yake. Alikunja mwavuli, akachagua kiti kikavu, akaanza kunikosoa: ndoo imejaa, vumbi la mbao, shati langu. Nikasubiri, maana dada yangu huanza mbali.

"Hizo nyimbo unazozihamisha," akasema mwishowe, "kuna mahali anaongea?"

"Anaimba dada, ndiyo kazi yake."

"Kuimba najua anaimba. Miaka yote naimbiwa. Nimeuliza kama anaongea."

Nikamwambia sijui. Akaanza kuchambua nyuzi zilizotokeza kwenye mkono wa kochi, na mimi ni wa kukataza hilo, ila nikamwacha.

"Kuimba kwake ni kwenu," akasema. "Ni sauti ya kuvalia suti. Mimi ninaitaka ile ya kuulizia soksi. Nimetafuta kwenye simu yangu, picha nyingi, video za harusi za watu, muziki juu kila mahali. Hakuna hata mahali pamoja anaponiita."

Mwalimu huwa anamwita "jirani". Walikutana wakiwa wamepanga vyumba vinavyotazamana, na jina likahamia nao ndoani. Hakuna mwingine anayemwita hivyo, na sasa hakuna kabisa.

"Usimwambie," akasema akifungua mwavuli. "Atadhani namlilia. Sitaki aone kuwa nimepungukiwa."

Alipoondoka, nikakaa na nyundo mkononi bila kugonga kitu. Ule moyo wa zege niliouandika juu, naomba ufutwe.

Machi 20

Nasikiliza moja moja nikishona. Hakuna. Mwalimu ni mtu nadhifu kupita kiasi: kila faili linaanza kwenye nota ya kwanza na kuisha kwenye nota ya mwisho, hakuna kikohozi, hakuna "haya". Mtu anayekata kitambaa hivi ningemwajiri.

Machi 23

Nimegundua folda nyingine chini kabisa, jina lake "Mabaki". Ni kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Simu yangu haiwezi kuibeba, tayari inalalamika nafasi imejaa.

Nikamuuliza shemeji ni nini. Akafuta kibao kwa mkono wa shati, akaandika: *Vipande nilivyokata. Takataka. Acha.*

"Una uhakika?"

Akagonga mara mbili, akanikaribisha chai kwa kidole.

Nimeacha. Nimemwambia dada kwamba nimesikiliza zote na hakuna. Akasema, "Haya, mdogo wangu, nimeuliza tu," akanikatia mkate mkubwa zaidi ya kawaida, kama mimi ndiye niliyefiwa.

Aprili 1

Ndoo ya pili.

Aprili 5

Nyimbo zote zina alama ya kijani. Nimejipongeza kwa kulala mchana.

Aprili 11

Mazoezini walikuja wanane tu, wengine njia zimejaa maji. Ngurumo kaimba na buti miguuni. Kimya cha ubeti wa tatu kilikuwa kizuri leo: paa lilidondosha tone moja katikati yake, ndoo ikaitikia, na hakuna aliyecheka.

Aprili 18

Naandika kirefu leo kwa kuwa nimeaibika kirefu.

Baada ya mazoezi Dozi alisema, "Fundi, nitumie 'Asubuhi Haina Haraka', sauti ya pili. Nataka nifanye mazoezi dukani."

"Sasa hivi," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye ghala. Nikafungua ukurasa wa ujumbe, nikaenda kuambatisha faili. Halipo. Nikaingia kwenye mafaili ya simu. Halipo. Nikatafuta kwa jina. Simu ikaniletea risiti ya sponji na video ya mbuzi anayepanda ngazi.

"Zimo ndani ya programu," nikasema. "Labda zimejificha."

Dozi akavaa miwani, akaichukua simu kwa vidole viwili. Alipokuwa anaangalia, mimi nikawa napima kwa macho gundi iliyobaki kwenye kopo, mradi nisimwangalie usoni.

"Umebonyeza 'Weka bila mtandao'," akasema.

"Ndiyo. Zote. Ona kijani."

"Hiyo si kupakua, fundi. Hiyo ni kuruhusiwa kuzitazama ukiwa hauna mtandao. Faili bado ni la programu, na programu inaitii akaunti. Siku akaunti ikifungwa, simu yako ikishika mtandao tu, itaambiwa huna haki, na kijani chako kitafutika."

"Lakini nilizima data zikaimba."

"Ziliimba kwa sababu akaunti bado ipo."

Ngurumo alikuwa anavua buti. "Yaani ni kama nyama iliyo kwenye friji ya jirani," akasema. "Unaiona, unakula, ila siku jirani akihama anahama na friji."

Nikamwambia Dozi kuhusu ule mshale uliokuwa unashuka na kupotea. Akafungua folda ya vipakuliwa, na humo, chini ya mbuzi, akaukuta wimbo niliobonyeza Machi kumi. Umo mara mbili. Katika nyimbo zote, ule nilioamini nimeupoteza ndio peke yake niliokuwa nao.

Nilitegemea aniambie alishauliza mapema. Hakuniambia. Alinikalisha kwenye kochi la mteja, akanifundisha: shikilia faili moja kwa muda, chagua mengine kwa kugusa, nukta tatu, "Pakua", kisha nenda folda ya vipakuliwa ukahakikishe kwa macho. "Na kila jioni unanitumia mimi nakala," akasema. "Baada ya kula."

Sijui kwa nini nimemwandika vibaya Machi kumi na nne. Au najua.

Aprili 20

Mtandao unakuja na kuondoka na mvua. "Inasubiri mtandao," inasema simu. Na mimi nasubiri nayo.

Aprili 21

Kumi na moja zimeshuka. Nimezitazama kwa macho, kama nilivyoelekezwa.

Aprili 23

Hakuna umeme. Nimechaji simu kwa muuza nyama, ikarudi inanuka figo.

Aprili 25

Nyimbo zote, sauti zote nne, zimo ndani ya simu, ndani hasa, na nakala ziko kwa Dozi. Nimewatangazia kwa unyenyekevu. Hakuna aliyepiga makofi, wakaomba tu tuanze, maana Ngurumo anawahi nyumbani.

Aprili 27

Mzee mmoja ameleta kiti cha mkono mmoja. Mkono wa pili ameukwangua paka hadi kwenye mbao. Kitambaa ni cha zamani, michirizi ya kijani na kahawia, kiwanda kilishaacha kukitengeneza. Akasema basi vua chote, weka kipya, ila kiti hiki ni cha mke wake na hataki kibadilike.

Mimi nina magunia ya mabaki. Mke wangu kila mwaka huniahidi kuyachoma moto. Nikayamwaga sakafuni, nikapiga magoti, na katika gunia la tatu nikakuta kipande cha michirizi ileile, kimekunjwa, kimebaki kutoka kazi nisiyoikumbuka. Kilitosha mkono mmoja na ukingo kidogo.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Usiseme neno," akasema.

Sikusema. Niliketi juu ya gunia nikawaza: mtu nadhifu anayekata kila kikohozi, vile vikohozi anavipeleka wapi? Anaviweka kwenye folda, anaiita Mabaki, anakuambia ni takataka. Mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa nimelala miaka yote na magunia.

Aprili 28

Nimefuta picha za makochi yangu yote niliyowahi kutengeneza, zile nilizokuwa nawaonyesha wateja. Nimefuta mbuzi pia. Nafasi imepatikana, ila si ya kutosha yote. Mtandao ndio huo. Faili moja la Mabaki limechukua asubuhi nzima na kukatikia njiani.

Aprili 30

Nimeshinda duka la dawa. Dozi ana waifai ya dukani, akanipa nenosiri na benchi la wagonjwa. Nikawa napakua faili, nalihamishia kwenye kompyuta yake ya mahesabu kwa waya, nalifuta kwenye simu, napakua lingine. Majina hayasaidii: "kipande 4", "kipande 4 tena", "jikoni mvua". Huwezi kujua kipi kina nini, na kusikiliza hakuna muda. Nilichukua kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeokoa vitu nyumba ikiingia maji.

Wagonjwa wakadhani nami ni mgonjwa, wakanipisha foleni.

"Unaumwa nini?" mama mmoja akaniuliza.

"Natafuta neno moja."

"Ah, kusahau," akasema. "Mume wangu naye."

Dozi alikuwa hajui ninatafuta nini. Nilimwambia tu kwamba ni kwa ajili ya dada yangu. Aliniangalia juu ya miwani, akaenda kuwaambia majirani zake wawili wa dukani waache kutazama mpira kwenye waifai yake. Alivyosema haikuwa ombi.

Jioni alipotaka kufunga duka, nikamwomba anisubiri kidogo. Akakaa upande wa pili wa kaunta, akahesabu vidonge ambavyo nina hakika alishavihesabu. Mshale ukashuka, ukashuka, halafu faili moja likagoma katikati: "Huna ruhusa ya kufungua faili hili." Nikajaribu linalofuata. Huna ruhusa. Linalofuata. Huna.

"Yamebaki mengi?" akauliza.

"Kama nusu."

"Basi una nusu," akasema, akazima taa ya kaunta.

Mei 1

Leo asubuhi nimeifungua programu ya wingu nikiwa na mtandao. Zile alama za kijani zilikuwepo kwa muda wa kupiga chafya, kisha ukurasa ukajikunja wenyewe ukawa mweupe. Nyimbo zote. Nikaketi chini kidogo, ingawa nyimbo zote ninazo. Ni kama kuona gari likipita pale uliposimama jana.

Mei 3

Nasikiliza mabaki. Mwalimu anapuliza pua. Mwalimu anatafuta nota, anaikosa, anaikosa tena. Mwalimu anaimba sauti ya kwanza, koo linamkatikia, anacheka peke yake. Hiyo nimeirudia mara kadhaa. Sikukumbuka kwamba kicheko chake kilikuwa na sauti.

Lakini hasemi. Anapoharibu, anaanza upya.

Mei 4

Hakuna. Jua limetoka nusu saa.

Mei 5

Zimebaki rekodi chache. Nimeanza kuzifikiria zile ambazo hazikushuka, ambalo ni jambo la kijinga, kwa kuwa haziwezi kufikiriwa zikarudi.

Mei 6

Nilikuwa napigilia kitambaa chini ya kiti cha yule mzee, simu juu ya sponji. Faili linaitwa "kipande 4 tena". Ni "Asubuhi Haina Haraka", sauti ya pili, nzima, kabla hajaikata. Nikaimba nayo kimoyomoyo. Ubeti wa tatu. "Nami nikasimama." Nikashikilia pumzi, kama ninavyofanya kila Alhamisi.

Katika kile kimya kulikuwa na kifuniko cha sufuria, na dada yangu, mbali, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi:

"Chumvi tayari?"

Na yeye, karibu, bila haraka:

"Bado, jirani. Namalizia ubeti."

Halafu akaendelea kuimba.

Niliweka nyundo chini. Nikarudisha, nikasikiliza tena kuhakikisha. Kisha nikatazama lile faili safi, lile tunalojifunzia. Kimya ni kilekile, urefu uleule, maneno hayamo. Alinyamazisha maneno, akaacha nafasi yake. Sisi tukaijaza pumzi, tukaisifu, tukasafiri nayo.

Mei 7

Nimempeleka dada kwenye chumba cha mbele, nikafunga mlango, nikampa simu. Nikamwambia atasikia wimbo kwanza, avumilie.

Alisikiliza amesimama, kichwa upande, kama anayesikiliza iwapo maji yanachemka. Wimbo ukaisha.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Siku ile mchuzi haukuwa na chumvi," akasema. "Baadaye aliniambia ametia."

Akaketi. Akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kurudisha mwenyewe, kidole chake kikagusa kila kitu isipokuwa panapotakiwa, na mimi nikakishika nikakipeleka. Akasikia mara nyingine. Na nyingine. Mlango ukafunguka polepole, Mwalimu akiwa na kibao chake kwapani, amesikia sauti yake mwenyewe kupitia ukutani.

Nilidhani dada ataificha simu. Hakuificha. "Njoo usikie uongo wako," akamwambia, akamsogezea kiti.

Nikatoka nje kwenda kuangalia mfereji, ambao haukuwa na tatizo.

Mei 9

Alhamisi. Mvua nyepesi, ile ya kuaga. Mwalimu amekuja mazoezini, mara ya kwanza tangu Januari, na dada amekuja naye, mara ya kwanza tangu kwaya ianze. Nikawapa kiti cha michirizi, ambacho mwenyewe anakichukua kesho, na kando yake kigoda. Dada akachukua kiti.

Kabla hatujaanza, Mwalimu akaomba chaki yangu ya kukatia kitambaa, akasimama mbele ya ubao mweusi ninaoandikia vipimo. Aliandika kwa mwandiko wake wa darasani:

*Kimya cha ubeti wa tatu hakikutungwa. Mke wangu aliniuliza chumvi. Nilifuta maneno, nikasahau kukata nafasi. Wiki iliyofuata sauti ya pili wakanyamaza hapo, wengine mkawasubiri. Nikaona haya kuwaambia. Mlipoanza kusifiwa, nikaona haya zaidi.*

Watu wakasoma. Ndoo ikadondokewa na tone.

"Kumbe," akasema Ngurumo taratibu. "Miaka sita nashikilia pumzi hadi naona nyota, kwa ajili ya chumvi."

Mwalimu akagonga ubao mara mbili.

"Na wale wageni waliouliza mbinu?"

Akagonga mara mbili tena, akaanza kucheka kwa mabega. Dozi akavua miwani akaifuta, na alipoivaa akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: tukikate, au tukiache? Kwa kuwa sasa tunajua hakina maana.

Wakamtazama Mwalimu. Yeye akamtazama dada. Dada akavuta mtandio, akasema yeye si mwimbaji, wasimwingize kwenye mambo ya watu.

"Tuimbe kwanza," nikasema mimi, ambaye sauti yangu haihesabiwi.

Hatukuwasha simu. Tuliimba wenyewe, Mwalimu akipiga mapigo kwa kidole kwenye mbao ya kiti cha yule mzee, karibu kabisa na mkono niliouziba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili Ngurumo akaingia mapema, wa tatu tukashikamana. Tukafika. *Nami nikasimama.* Tukanyamaza wote, na kwa mara ya kwanza kila mmoja alijua kile kimya kilikuwa na nini ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu hata kumeza mate.

Dada alikuwa anaangalia paa langu linalovuja.

"Chumvi tayari?" akauliza.

Mwalimu akagonga kiti mara moja. Tukaingia.